Jumba Lililoambiwa Bado

Hakuna anayepiga picha tagi. Meli kubwa ikiingia bandarini watu hutoa simu, hutafuta mwanga mzuri, huipiga picha meli, na kile chombo kifupi kipana kilichoikokota tangu mlangoni hukatwa pembeni kama jirani aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi. Nahodha Somoe Mkwemba alikuwa ameishi na dharau hiyo miaka ishirini na sita na haikumnyima usingizi. Tagi lake liliitwa Sina Haraka, jina alilolichagua mwenyewe, na kila mkaguzi aliyelisoma ubavuni alimuuliza kama alikuwa anatania. Hakuwa anatania. Injini za Sina Haraka zingeweza kung'oa gati zima, ila kazi yake ilikuwa kuvuta vitu vizito kupita kiasi, na vitu vya namna hiyo ukivikimbiza vinakuua.

Siku ya tatu ya safari, jua likiwa limeshapanda vya kutosha, alikuwa amesimama kwenye kebini ya usukani na kikombe cha chai ya tangawizi, akitazama nyuma. Nahodha wa tagi hutazama nyuma muda mwingi kuliko mbele. Mita mia sita nyuma yake, mwisho wa waya mnene kama paja la mtu, lilikuwa linakuja jumba.

Mabaharia waliyaita hivyo, majumba, na maofisa walipojaribu kuleta yale majina marefu ya kwenye makabrasha hakuna aliyewasikiliza. Jumba la Nne lilikuwa na ukubwa wa jengo la ghorofa nne. Robo yake tu ilionekana juu ya maji, ya kijivu, imejaa madirisha yasiyo na vioo. Halikujengwa, liliota. Karakana ilisuka fito za chuma ndani ya bwawa la maji ya bahari, ikapitisha umeme mdogo usioweza hata kumshtua paka, na chokaa iliyomo majini ikaja kujishika kwenye chuma siku baada ya siku hadi kuta zikanenepa. Kazi hiyo ilichukua miezi kumi na minne. Ndani mlikuwa na vyumba mia nne, matangi ya hewa ya kulielesha, na akili ndogo ya kuyasimamia yote hayo na kuzungumza na nahodha. Jumba likifikishwa mahali pake hufungua milango ya maji, hushuka taratibu hadi chini, huketi, kisha huanza kuita. Hutoa chini ya maji ule mchakacho na mkwaruzo wa mwamba wenye afya, na samaki wakiusikia huja kama watu walionusa pilau.

Huko lilikokuwa linakwenda, Mnaida, mchakacho huo haujasikika kwa miaka kumi na moja. Bahari ilipopata joto, maji ya moto yaliua matumbawe, mawimbi yakapata njia, na sasa bahari ilikuwa imeshakula msikiti wa zamani, zahanati na safu mbili za nyumba. Ofisi ya uhamisho ilikuwa imetoa neno lake la mwisho: jumba likiketi kabla mwezi haujaisha, kaya sitini na tatu zilizosalia zitabaki. Lisipoketi, malori yatakuja kuwabeba kwenda bara, kwenye mabanda ya bati yaliyopangwa mistari. Somoe alizaliwa kwenye safu ya kwanza ya nyumba zilizoliwa. Kaka yake, Chande, alikuwa anaishi kwenye safu ya tatu, na ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba akiwashika watu mikono na kuwaambia wasiandikishe majina yao, dada yangu analileta.

Serang'i wa tagi, Liwowa, aliyesimamia kazi zote za sitahani, alikuwa ametoka na boti ya mpira kwenda kukagua pingu iliyoshika waya kule jumbani. Redio ikakwaruza.

"Nahodha, njoo uone."

"Pingu imechoka?"

"Pingu nzima. Kuna kangu."

"Kangu gani?"

"Kangu, samaki. Wanaingia na kutoka madirishani kama wapangaji."

"Liwowa, chini yetu kuna mita mia nane za maji."

"Ndiyo maana nikasema njoo uone. Sikusema nakuletea mmoja."

*

Kangu ni samaki wa nyumbani. Huamka, huguguna mwani juu ya matumbawe mchana kutwa, jioni hurudi kwenye shimo lake la jana. Maji ya buluu yasiyo na chini hayajui na hana haja ya kuyajua. Somoe alilala kifudifudi kwenye boti ya mpira, akatumbukiza miwani ya kupigia mbizi, akatazama. Walikuwapo kangu kwa mamia, wa kijani na wa zambarau, wakikwaruza ule ukungu wa kwanza ulioanza kuota kwenye kuta. Walikuwapo changu, tasi, puju, na chewa mmoja mzee mwenye kidevu cha hakimu, amejaza dirisha zima peke yake. Kila chumba kilichofikiwa na mwanga kilikuwa na mwenyewe.

Kwa pumzi moja alifurahi, tena sana. Jumba tupu huchukua miaka miwili mitatu kupata samaki wa kiasi hicho, na hili limewapata kabla ya kufika. Mnaida wangeweza kuvua wiki ijayo. Kisha akajiuliza samaki hawa wametoka wapi, na furaha ikamwisha.

Alishusha majini kinasa sauti, akavaa vipokea sauti masikioni. Kelele za injini za tagi zilikuwa mbali hapa. Alichosikia kilikuwa mchakacho, mkwaruzo, vishindo vidogo vidogo, kama jiko la shughuli lenye masufuria ishirini. Jumba lilikuwa linaita.

Akachukua redio. "Jumba."

"Nakusikia, Nahodha." Sauti ilikuwa ya mtu mzima asiye na wasiwasi, na lafudhi yake ilikuwa ya pwani ya kusini.

"Unaita."

"Naita."

"Nani amekwambia uite?"

"Wewe. Siku ya kwanza, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nilikuuliza: niendelee kunyamaza? Ukajibu: bado. Nikaelewa kwamba wakati wa kunyamaza haujafika."

Liwowa aliyekuwa ameshika usukani wa boti aligeuza uso pembeni, kwa adabu.

Somoe hakubisha, kwa sababu alikumbuka. Alikumbuka hata kikombe alichokuwa ameshika. Jumba la kwanza lilizungumza kwa tarakimu, nne moja saba, mbili mbili sifuri, na ni yeye aliyekwenda karakana akapiga meza kwamba hawezi kuongea na mzigo wake kama mfungwa anayeitwa kwa namba. Lifundishwe Kiswahili, alisema, tena kile tunachokisema sisi huku. Wakamsikiliza. Wakarekodi mabaharia siku nyingi, sauti yake ikiwemo, na majumba yakajifunza. Mawili yaliyofuata aliyafikisha bila tatizo. Yaliuliza, nianze kuita? Naye akajibu bado, bado, mpaka walipofika. Kisha mtu mmoja wa karakana, mwenye akili na nia njema, akaona swali lile ni la hatari, maana jibu moja la ndiyo, la kupitiwa, lingeamsha mwito baharini. Akaligeuza: niendelee kunyamaza? Waraka wa mabadiliko ulimfikia Somoe. Aliusoma na kuutia sahihi. Halafu swali lilipokuja alilijibu kwa mazoea, kabla halijaisha kuulizwa.

Bado ni neno tunalojibia karibu kila kitu. Chakula tayari? Bado. Umeoa? Bado. Mguu unauma mpaka leo? Bado. Anayekuuliza anakutazama usoni, na anajua kama unakusudia kwamba jambo halijaanza au kwamba halijaisha. Jumba halikuwa na uso wa kuutazama. Lilikuwa na neno tu, likalishika.

"Tulipita wapi siku ya kwanza jioni?" Somoe aliuliza, ingawa alijua.

"Nje ya mwamba wa Nakitope, maili sita," Liwowa alisema. "Na mwito unafika maili kumi na mbili."

*

Chumba cha kulia cha Sina Haraka kilikuwa na meza moja, viti vinne vilivyofungwa sakafuni, na redio ndogo iliyoachwa siku zote kwenye mkondo wa wavuvi, kwa sababu fundi wa mitambo, Mzee Nampoto, alipenda kusikia watu wakigombana anapokula. Alikuwa na miaka sitini na minne, mkubwa kuliko wote chomboni, na hakuwahi kukubali jambo lolote kabla ya kulipinga kwanza.

Redio ilikuwa inasema. Sauti ya mwanamke, imekauka kwa kurudia maneno yale yale.

"Hapa ni Bi Fadhila, mwenyekiti wa wavuvi, Nakitope. Chombo chochote kilichopita kwetu juzi, tunaomba mtuambie mmeona nini. Siku ya pili hii tunatoa madema yetu ya kutegea samaki, yote matupu. Mwambani hakuna hata samaki wa dawa. Kama kuna aliyemwaga kitu kwa bahati mbaya, aseme tu, tujue namna ya kutibu."

Nampoto alinyoosha mkono akapunguza sauti. "Usijibu kwanza, Nahodha."

"Sijajibu."

"Tuhesabu kwanza." Akatandaza ramani juu ya meza, penye madoa ya chai. "Leo ni siku ya tatu. Milango ya maji ina siku saba. Ya nane chokaa inaifunga, maana jumba haliachi kuota hata likiwa safarini. Likishajifunga haliketi tena mpaka kiama, linabaki jiwe linaloelea, la kugonga vyombo vya watu. Mnaida tunafika siku ya tano. Tuna nafasi. Nakitope kurudi, siku ya tano vilevile. Lakini kutoka Nakitope hadi Mnaida ni siku nne nyingine. Tano na nne ni ngapi?"

"Fundi, najua kujumlisha."

"Basi nijumlishie."

"Likirudi Nakitope, litaketi Nakitope."

"Haya. Na Mnaida watapata jumba jingine baada ya miezi kumi na minne, wakiwa bara, kwenye bati."

Liwowa alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika. "Tukilinyamazisha hapa hapa?"

"Tukilinyamazisha, samaki watatoka kutafuta kwao," Somoe alisema. "Katika mita mia nane za maji."

"Na jodari wameshajua," Liwowa alikiri. "Nimeona mapezi. Watamalizwa kabla ya adhuhuri."

"Kwa hiyo wapelekwe Mnaida," Nampoto alisema. "Samaki hana kadi ya kijiji. Leo yuko hapa, kesho yuko kule. Nakitope wana mwamba wao hai, watazaliwa wengine. Wale wa Mnaida hawana kitu, hawana ufuo, hawana hata kaburi la babu, limeliwa."

"Kangu wakiondoka, mwamba hauwi hai muda mrefu, Fundi." Liwowa alisema taratibu, kwa sababu alikuwa anabishana na mtu wa rika la baba yake. "Kabla sijawa serang'i nilikuwa mpiga mbizi. Kwetu kangu walivuliwa wakaisha. Mwani ukapanda juu ya matumbawe msimu mmoja tu, yote, kama mkeka uliooza. Msimu wa pili tulikuwa tunazamia kuangalia maiti. Nakitope ni mwamba wa mwisho upande huu ambao haukuguswa na yale maji ya moto. Ukifa huo, hata hayo majumba yataita nani?"

Nampoto alimtazama, akamtazama Somoe. "Na kaya sitini na tatu?" aliuliza. Safari hii hakuwa anapinga. Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa.

Somoe alipandisha sauti ya redio. Bi Fadhila alikuwa anarudia tangazo lake kuanzia mwanzo. Aseme tu, tujue namna ya kutibu. Somoe aliona haya, ile haya ya utotoni ya kukutwa na sukari midomoni, na alishukuru kuiona, kwa sababu ilimwonyesha kwamba alikuwa ameshaamua. Sehemu iliyobaki ilikuwa ni kumwambia mtu.

"Zungusheni winchi," alisema. "Fupisheni waya hadi mita mia mbili. Nikimaliza kupiga simu tutageuza."

"Unampigia nani?" Nampoto akauliza.

"Kaka yangu. Anayepoteza ndiye wa kwanza kusikia."

*

Chande alipokea simu akiwa ufuoni. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na nyundo.

"Tumeshapaka rangi boya la kuonyesha jumba lilipo," alisema kabla ya salamu. "Nyekundu na nyeupe. Watoto wamejipaka pia, mama zao wananilaumu mimi."

"Kaka, nisikilize."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Jumba limeita njiani. Limewabeba samaki wa Nakitope, wako ndani yake sasa hivi, wote."

Nyundo ziliendelea. "Wazima?"

"Wazima."

"Wengi?"

"Hawahesabiki."

Chande akacheka, kicheko cha mtu aliyeongezewa nyama kwenye sahani. "Basi Mungu ametupa, Somoe."

"Mungu hakutupa. Mimi nimekosea kujibu swali. Nakitope wanatoa madema matupu, wanatangaza kwenye redio wanauliza wamefanywa nini. Mwamba wao utakufa. Nimeamua kuwarudisha."

"Warudishe. Halafu ulete jumba."

"Siku hazitoshi. Likirudi, litaketi huko huko."

Alimsikia akitembea, akiondoka kwenye nyundo, mchanga ukilia chini ya makubadhi yake. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Watu watatu, na jumba."

"Jumba litasema?"

"Likiulizwa litasema. Hatukulifundisha uongo."

"Na nani ataliuliza?"

"Mimi, Kaka. Kila nikipita hapo juu na tagi langu."

"Usiniletee maneno ya kwenye mimbari." Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma zaidi. "Sitini na tatu. Nimewashika mikono, mmoja mmoja. Bi Mwanahawa amekataa kufuata mwanawe bara, kwa sababu nilimwambia dada yangu hajawahi kushindwa kufikisha mzigo. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi fikisha."

"Mzigo huu una mali ya watu ndani."

"Samaki! Unanitoa nyumbani kwangu kwa ajili ya samaki."

"Nakutoa kwa sababu ya kosa langu. Ningekuwa na njia ya kulilipa mwenyewe ningelipa. Nimetafuta tangu asubuhi na sijaiona. Kilichobaki ni nani alipe, nyinyi au wao, na wao hawakuniomba niwaletee jumba. Mnaida tuliomba."

Somoe aliweza kumwona kwa mawazo amesimama, mkono mmoja kiunoni, kama marehemu baba yao alivyosimama akipigiwa hesabu isiyompendeza.

"Ukigeuza," Chande alisema, "usije kula kwangu tena."

Akakata. Somoe alirudisha simu mfukoni. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa mtandio, akapanda kwenye usukani.

*

Kugeuza tagi lenye jumba nyuma ni kazi inayofanywa na watu wanaojiamini au isifanywe kabisa. Ukikata kona kwa papara waya unahama kutoka tezini, nyuma ya tagi, unakuja ubavuni, na uzito wote wa mzigo unalivuta tagi kwa kiuno. Dakika moja inatosha kulipindua. Somoe aligeuza nyuzi tano, akasubiri dakika nne waya unyooke, akageuza tano nyingine. Liwowa alisimama tezini, wenzo wa kuachia waya karibu naye, akionyesha pembe ya waya kwa vidole. Chini Nampoto alicheza na injini mbili kama mtu anayembembeleza ng'ombe atoke zizini, moja mbele, nyingine nusu, na alikuwa ananung'unika kwenye bomba la sauti lakini kila alichoagizwa alikifanya kabla hakijaisha kuagizwa. Upinde ule uliwachukua saa moja na nusu na maili tatu za bahari. Somoe alikuwa na huzuni, na alikuwa anajua kazi yake, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja bila kusumbuana.

"Nahodha," jumba likasema, "njia imebadilika."

"Tunarudi Nakitope. Endelea kuita, kwa sauti hii hii, mpaka nikwambie neno jingine. Na kuanzia sasa nikikujibu kwa neno moja, usilikubali. Niulize tena mpaka niseme sentensi nzima."

"Hata ukikasirika?"

"Hasa nikikasirika."

Omo, pua ya tagi, ilipoelekea kusini barabara, Somoe alichukua redio ya wavuvi.

"Bi Fadhila wa Nakitope, hapa ni tagi Sina Haraka. Samaki wenu ninao mimi."

"Unao vipi?"

"Ndani ya jumba ninalovuta. Liliwaita wakati tunapita kwenu. Liliniuliza swali, nikalijibu vibaya. Hakuna sumu, hakuna ugonjwa. Niliwachukua bila kujua, nawarudisha keshokutwa asubuhi."

"Wewe nani, mwanangu?"

"Somoe Mkwemba. Wa Mnaida."

"Mnaida." Bi Fadhila alilirudia jina hilo polepole. Pwani nzima ilijua jumba hilo lilikuwa la nani. "Na nyinyi mtaketisha nini?"

"Hatuna kingine."

"Basi sina la kukwambia sasa hivi," alisema mama yule. "Njoo kwanza."

*

Walifika siku ya tano, maji yakiwa yamejaa. Watu wa Nakitope walikuwa wametoka na vyombo vyao vyote, mitumbwi, boti za mashine, hata mlango wa mtu uliogeuzwa chelezo, na walikuwa wamezima mashine ili wasiwatishe samaki. Hakuna aliyepunga mkono. Walitazama tu lile jumba likipita katikati yao, na waliokuwa karibu waliinama wakaona rangi za kangu madirishani wakaanza kunong'onezana majina.

Bi Fadhila alipanda Sina Haraka kwa ngazi ya kamba bila kusaidiwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vya mtu aliyevuta madema maisha yake yote. Alimshika Somoe mikono miwili, akafungua mdomo.

"Usinishukuru, Bi Fadhila," Somoe alisema. "Hiki ni chako, nilikichukua."

"Samaki ni wangu. Jumba si langu." Alimtazama Somoe, na Somoe akahisi anatazamwa na mtu anayemwona hata kaka yake na wengine wote walio nyuma yake. "Tutaandika barua ofisi ya uhamisho. Kijiji kizima tutatia dole gumba."

"Andikeni," Somoe alisema. Alijua barua haizuii lori, na alijua mama yule naye anajua. Lakini ilikuwa haki yao kuandika.

Palikuwa na uwanda wa mchanga mita kumi na nane kwenda chini, nje kidogo ya mwamba. Liwowa aliupima mara mbili, akapiga mbizi mwenyewe kuhakikisha hakuna kiumbe wala dema chini yake. Alipotoka akainua kidole gumba, na jumba likauliza kama liketi. Somoe alilipa amri kwa sentensi nzima, kwa sauti aliyoitumia siku zote, akilitajia mahali, kina na saa. Milango ya maji ikafunguka. Jumba likapumua viputo virefu, likashuka kwa adabu bila kuyumba, madirisha yakizama safu kwa safu, na lilipogusa mchanga tagi zima lilisikia mguso huo miguuni.

Baada ya hapo akaliambia linyamaze. Kwa dakika chache hakuna kilichotokea. Halafu kutoka chini, upande wa mwamba wa zamani, mchakacho mwingine ukasikika kwenye kinasa sauti, hafifu, wa matumbawe yenyewe. Kangu wa kwanza akatoka dirishani. Akazunguka, akaushika uelekeo, na wengine wakamfuata, kijani na zambarau, kama watu wanaotoka msikitini, bila haraka na bila kugeuka nyuma. Si wote waliotoka. Yule chewa mzee alibaki kwenye dirisha lake, na ilionekana amelipenda. Kwenye mitumbwi mtu alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakatisha, akikumbuka ni jumba la nani.

Nampoto alikuwa amepanda sitahani, jambo alilolifanya mara chache. Alisimama karibu na Somoe, akipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Bado sijakubali," alisema. "Nataka ujue."

"Najua, Fundi."

"Lakini uligeuza vizuri."

Simu ya Somoe ilitikisika mfukoni. Ilikuwa ujumbe kutoka kwa Chande, wa kwanza tangu siku ya tatu. Somoe aliufungua akiwa amejiandaa kwa lolote, isipokuwa kile alichokikuta.

"Wamefika kuandikisha. Nimewaambia waanze na nyumba yangu, wengine wasione haya. Kabati la mama halipiti mlangoni, sijui mlilipitisha vipi wewe na baba. Njoo unisaidie kulitoa."